Walinzi wa Kailula

Hamdan alikuwa dereva wa gari la maji katika mtaa wa Ansab, na katika kazi yake hakuna aliyemtia dosari. Maji yake yalifika, yalikuwa baridi kwa kadiri Maskati inavyoruhusu, na mpira wake haukuwahi kulowesha nguo za mtu zilizoanikwa. Lililozungumzwa juu yake lilikuwa jambo jingine kabisa, nalo ni usingizi wake wa mchana.

Kulala kidogo baada ya sala ya Adhuhuri na chakula, yaani kailula, ni desturi ya mji mzima. Maduka hufungwa, vichochoro huachiwa paka, na anayebisha mlango wa mwenziwe saa hizo ama ana msiba ama hana adabu. Lakini wengine walilala kailula, Hamdan aliizamia. Wapo walioshikilia kwamba usingizi wake ulikuwa mzito kuliko gari lake likiwa limejaa. Wengine, waliopenda haki zaidi, walisema mizani ya kupimia haijapatikana.

"Mie nshakaa eda mara nyingi kuliko mwanamke yeyote wa nchi hii," alisema mkewe, Mahbuba, kila alipopata wasikilizaji. "Huyu bwana hufa akishakula wali, akafufuka kwa adhana ya Alasiri."

"Ndo maana bado nna nguvu," Hamdan humjibu. "Wenzangu wanaishi mara moja tu."

Alizaliwa Kikwajuni, Unguja, akafika Maskati katika miaka ya sabini akiwa kijana, na begi moja, na Kiarabu cha chuo cha Kurani ambacho kilimfaa kwa sala na hakikumfaa kwa kingine chochote. Wiki yake ya mwanzo aliingia soko la samaki la Matrah, akasimama mbele ya mchuuzi, akatamka kwa sauti ya kujiamini, "Ana samak." Alikusudia kusema kwamba anataka samaki. Alichosema ni kwamba yeye ni samaki.

Mchuuzi alimtazama kuanzia kofia mpaka makubadhi. "Basi rudi baharini," alimwambia, na soko zima likaangua kicheko. Kisha mchuuzi yule yule akachagua changu mnene, akamfungia katika gazeti, akamsukumia mkononi, na mpaka anastaafu hakuacha kumwita Samaki.

Hamdan alipenda sana kukisimulia kisa hicho, na kila mara alikimalizia kwa samaki aliyefungwa gazetini. Bila ya samaki, alieleza, kile kisingekuwa kichekesho. Kingekuwa mtu mzima amefukuzwa sokoni. Watoto wake, ambao Kiarabu chao kilikuwa hakina kasoro, walikuwa wamekisikia mara nyingi mno na hawakulitilia maanani hilo.

Mwaka 1995 nyumba iliyokuwa ikielekeana na yake ilipata wakaazi. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja ya Bader, mfanyabiashara mpole mwenye ndugu wakali, ambaye alikubali kuwapa hifadhi watu waliokimbia vita vya Burundi. Baadhi yao walikuwa na mababu waliotoka vijiji vya Omani, na majina ya mababu hao waliyajua kwa moyo. Wengine hawakuwa na babu wa kumtaja. Walikuwa na Kiswahili chao na nguo walizovaa. Wote walikuwa wameomba kupokewa na serikali, na wote walikuwa wakingoja jawabu.

Msemaji wao alikuwa Aliya, mjane kutoka Buyenzi, Bujumbura, mama wa watoto watatu, mwenye ulimi usiokaa likizo. Siku ya kwanza Hamdan alipoegesha gari mbele ya geti, alitoka na kumwambia:

"Muzee, tunaomba mayi."

Hamdan akazima injini ili alifurahie vizuri jambo hilo. "Mayai? Mayai yako dukani, bibi. Mie nna maji."

"Ndiyo, mayi."

"Hayo ya kukaanga au ya kuchemsha?"

Aliya alilitazama gari, akautazama mpira uliokuwa ukivuja, akamtazama Hamdan. "Ya kuogea," alisema. "Na wewe muzee nitakubakishia kidogo, naona unayahitaji."

Mahbuba, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo utani ukaanza baina ya nyumba mbili, na ukawa na ratiba kama maji yenyewe. Hamdan aliuliza leo wanataka trei ngapi za mayai. Aliya aliuliza kama muzee ameamka mwenyewe au ameamshwa na baragumu la Israfili. Mahbuba alijipa kazi ya kuwasahihisha Kiswahili wageni wote wa nyumba ile, kazi ambayo hakuna aliyempa, akarudi nyumbani kila jioni na maneno mapya ya Kibujumbura ambayo aliyatumia kwa siri.

Kisha yakaja mawe.

Palikuwa na kundi la vijana lililojiita Wana wa Asili. Hawakuwa wengi, na asili waliyoitetea hawakuwahi kuieleza ikaeleweka, lakini walikuwa na gari la pikapu, na walikuwa wamegundua jambo ambalo mwizi yeyote wa Maskati angelikuwa amelijua zamani: hakuna saa salama kwa mtu mwovu kama saa ya kailula. Walikuja mchana, vilemba vimefungwa mpaka puani. Wakavunja vioo vya dirisha la chini, wakaandika ukutani kwa rangi nyeusi, kwa Kiarabu, Rudini kwenu, wakaondoka. Mtoto mdogo wa Aliya alikatwa na kioo mguuni.

Hamdan alikuwa amelala hatua chache kutoka hapo. Hakusikia.

Mtaa ulimtania, kwa kuwa ndivyo ulivyozoea. "Hata kiyama kitakupita, Hamdan, utaamka ukute watu washagawiwa nafasi," alisema Saeed, jirani yake, karani wa wizara, ambaye naye alikuwa amelala. Hamdan alicheka pamoja nao. Kisha akapeleka maji, na Aliya akatoka getini, akasimama wima, mikono ameishika mbele.

"Ahsante sana, mzee," alisema. "Maji yanatosha."

Hamdan alibaki na mpira mkononi. Aliya alikuwa amesema mzee. Alikuwa amesema maji, kwa usahihi wote ambao Mahbuba aliutolea jasho. Alizungumza kama mtu aliye mbele ya meza ya afisa, anayepima kila silabi isije ikamtia matatani. Hamdan aliukunja mpira akaenda zake, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aoe, alilala kailula akigeukageuka.

Mara ya pili walirusha chupa ya petroli. Iliangukia uani, ikaunguza kamba ya nguo na magodoro yaliyokuwa yameanikwa, na wanawake wakauzima moto kwa mchanga na kwa maji ya kudekia. Askari walikuja, wakachukua maelezo, wakaahidi doria, nayo doria ikapita asubuhi na jioni. Bader naye alikuja, uso umemshuka.

"Mie sina ubaya nao, Wallahi," alimwambia Hamdan pale barabarani. "Lakini nyumba ni ya urithi. Ndugu zangu wananambia n'taunguza mali ya mayatima. Likitokea jengine, watahama. Nshamwambia Bi Aliya."

"Watahamia wapi?"

Bader akayatazama makubadhi yake. Wote wawili walijua kwamba hapakuwa na mwenye nyumba mwengine aliyekuwa tayari kuwapokea watu wasio na karatasi, wenye maadui.

Jioni hiyo, baada ya sala ya Alasiri, wanaume walikaa kwenye kivuli cha msikiti kuzungumza. Mmoja alitaka waandike malalamiko. Mwengine alitaka vijana wao nao wachukue fimbo, na akakumbushwa kwamba vijana wao saa hizo wamelala. Saeed alishauri zamu, ikabidi aulizwe nani atashika zamu ya baada ya Adhuhuri, na pakawa kimya cha watu wanaopenda haki lakini wanapenda na mito yao.

"Basi tulale," alisema Hamdan.

"Wewe tushakujua."

"Sikilizeni kwanza. Sote wakati ule tunalala. Hatuwezi kuwacha, hata tukijidai. Sasa nani kasema lazima mtu alale kwake? Tuchukue mikeka, tukalale mbele ya ukuta wa Bi Aliya. Mwenye kutaka kutupa jiwe, atupe juu ya matumbo yetu."

Walicheka sana. Lakini walipokwisha kucheka hakuna aliyetoa shauri lililo bora, na Saeed, aliyecheka kuliko wote, ndiye aliyeuliza kama aje na mto wake.

Ndivyo mtaa wa Ansab ulivyoanza ulinzi ambao, kwa ninavyojua, hauna mfano katika vitabu vya vita. Wakishakula, Hamdan aliegesha gari lake ubavuni mwa barabara ili tangi litoe kivuli, akaimwagia maji ardhi mpaka ikapoa, wakatandika mikeka na mazulia ya zamani. Wanaume walijipanga nje kando ya ukuta, chini ya maandishi yale meusi, na wanawake wakakaa ndani ya geti lililoachwa wazi. Wengine walikuja na vipepeo vya kujipepea, mmoja alikuja na chandarua. Bader alikuja kutazama tu, akiwa na funguo za gari mkononi. Mahbuba akamkabidhi mto wenye vishada vya zari, wa mahari yake mwenyewe, na mtu hawezi kuukataa mto wa namna hiyo. Bader akalala karibu na geti, mgumu kama mbao.

Hamdan aliapa kwamba yeye hatalala. Yeye ndiye aliyeleta shauri, na yeye ndiye aliyelala siku ya mawe. Deni hilo, alisema, atalilipa kwa macho. Alikunywa kahawa chungu, akatia karafuu mdomoni, akakaa ameegemea gurudumu. Alikuwa wa kwanza kukoroma.

"Muzee analinda," Aliya alinong'ona getini, na Mahbuba akainua kichwa ghafla. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya mawe kumsikia akisema muzee. Lakini aliposogeza ndoo ya maji ya akiba karibu na mlango, mtoto wake hakumwachia upindo wa kanga.

Siku kadhaa zilipita vivyo hivyo, na watu wakaanza kusema kwamba ardhi ya kule ina usingizi mzuri zaidi. Kisha mchana mmoja pikapu ikaingia taratibu, injini imezimwa, ikisukumwa na mteremko.

Waliteremka vijana watatu, vilemba puani. Wawili walisimama palepale walipoona mtaa mzima umelazwa mbele yao kama tende juani. Wa tatu, aliyekuwa na chupa yenye kitambaa mdomoni, alikuwa amekwisha kupita gurudumu la gari la maji, na hakuona mguu wa Hamdan mpaka alipoukanyaga.

Watu waliolala karibu walikiri baadaye kwamba hawakuamini walichokiona. Hamdan alifumbua macho. Lililolishinda jiwe na kioo na moto liliwezwa na kisigino. Macho yake, mekundu, yakakutana na macho ya yule kijana juu ya kilemba. Kisha kijana, ambaye alikuwa amekanyaga mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alifanya alilofunzwa tangu hajaota meno.

"Shikamoo, ami," alisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Hamdan, ambaye nusu yake ilikuwa bado usingizini. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Wazee hawajambo?"

"Hawa..." Kijana alikuwa amejisikia mwenyewe akisema Kiswahili.

Kicheko cha Mahbuba kilitoka getini kikapanda, watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja juu ya mikeka yao, na wale vijana wawili wakaikimbilia pikapu. Kwa bahati mbaya yao ilikuwa imezimwa, na ilikataa kuwaka mara kadhaa kabla ya kuwaonea huruma. Mwenzao hawakumngoja.

"Lete chupa hiyo, baba, utajimwagia," alisema Mahbuba, na akaipokea mkononi mwake kama anayepokea glasi ya mgeni. "Mvulie kilemba kile, Saeed, joto. Haya, mtoto wa nani wewe?"

Angeweza kukimbia. Lakini aliyekwisha kuamkia hawezi tena kutoulizwa, na aliyeulizwa mtoto wa nani na mwanamke wa umri ule lazima ajibu. "Jina langu Yaarub. Mjukuu wa Bi Bakhita, wa Matrah."

"Bakhita!" Mahbuba akakaa chini. "Bakhita aliyenivisha kanga yake siku n'loteremka hapa, mie sina hata ushungi!"

Yaarub alikuwa na miaka ishirini na ushei, mfanyakazi wa ghala la vipuri katika mtaa wa Ghala. Kazini hakuna aliyejua kwamba nyumbani kwao kunazungumzwa Kiswahili; alikuwa amekificha kama mtu anavyoficha kiraka, na wenziwe walipowacheka watu wa Afrika alicheka kwa sauti kuliko wote ili wasije wakamgeukia. Kutoka kucheka mpaka kubeba chupa haikuwa safari ndefu. Hayo aliyasema kidogo kidogo, na hakuna aliyemsaidia kuyasema.

Bader alikuwa amesimama, mto wa zari bado ameukumbatia. "Tumpeleke kituoni," alisema. "Sasa hivi."

"Atakwenda," alisema Aliya. Alikuwa ametoka nje ya geti, na mtoto wake mwenye kovu mguuni nyuma yake. Hakuwa anacheka. "Lakini kwanza nina neno. Wewe umeandika pale kwa Kiarabu. Mimi Kiarabu sijui, nimesomewa tu. Niambie kwa Kiswahili. Niambie mimi, na huyu mutoto anasikia."

Yaarub akauinulia uso ukuta. "Rudini..." alianza.

Neno la pili halikutoka. Labda alimsikia bibi yake, ambaye mpaka siku hizo alikuwa akisema kwetu huku kidole kinaonyesha upande wa bahari, kulikokuwa Afrika. Labda hilo ni la kwangu tu. Alilolisema mwishowe, akimtazama mtoto wala si mama, lilikuwa, "Mnisamehe."

"Nitafikiri," alisema Aliya. "Leo siwezi. Magodoro yangu yaliungua."

Jioni Saeed na Bader walimpeleka kituoni, baba yake akafuata na uso wa mtu aliyemwagiwa majivu, na Yaarub akajibu aliyoulizwa, majina ya wenzake pamoja. Kundi la Wana wa Asili lilikuwa dogo hata kuliko lilivyojidai. Lilipokwisha kutajwa majina, likaisha. Lakini kabla hawajaenda kituoni, Hamdan alimvuta Bader kando.

"Ulisema likitokea jengine watahama."

"Nlisema."

"Basi mie nakuuliza wewe, ulokuwepo, umelala macho wazi. Limetokea nini leo?"

Bader alilitazama suala hilo pande zote, kama mfanyabiashara anavyotazama kitambaa. Aliitazama chupa, ambayo Mahbuba alikuwa amekwisha kuimwaga mbali na kuiosha kwa sabuni. Aliwatazama majirani wakikunja mikeka.

"Kijana kapita," alisema taratibu, "akawaamkia wazee."

"Na ndugu zako?"

"N'tawaambia nyumba ile ina walinzi wengi kuliko benki. Wakibisha, waje walale wenyewe."

Asubuhi ya pili Hamdan alifika na gari kwa saa yake ya kawaida, akapiga honi. Aliya alitoka. Alikuwa na kanga mpya kichwani na uso wa mtu aliyelala usiku mzima. Akaegemea geti.

"Muzee," alisema, "mayi."

Hamdan akafungua bomba upesi na kugeuka upande wa tangi, akijishughulisha na mpira ambao haukuwa na tatizo lolote. "Trei ngapi?" aliuliza.

Yaarub alipomaliza adhabu yake alirudi kuupaka ukuta. Aliupaka vibaya, rangi aliyonunua haikuwiana na ile ya zamani, na doa la mraba lilibaki likionekana mpaka leo. Aliya alimtolea chai siku ya tatu, si ya kwanza, na hakuwahi kutangaza kwamba amemsamehe. Karatasi za watu wa nyumba ile zilitoka moja moja, polepole kama kawaida ya karatasi, na za Aliya zilikuwa miongoni mwa za mwisho. Hakuhama. Bader alijaribu mara moja kumwongezea kodi, akaletewa na Mahbuba ule mto wa zari mpaka mlangoni, akaelewa.

Katika miaka ya elfu mbili Hamdan aliliuza gari lake, maji ya mabomba yakiwa yamekwisha kuingia nyumba nyingi, na akabaki na kazi moja tu, ile aliyoifanya vizuri kuliko zote. Ijumaa, baada ya chakula, mikeka ilikuwa bado ikitandikwa kando ya ukuta wenye doa, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kulinda, na kivuli sasa kilikuwa cha mlimau wa Aliya. Yaarub, ambaye alikuwa amekwisha kuwa baba, alizoea kupita hapo akimpeleka mwanawe kwa bibi yake. Alimwonya mtoto atembee kwa vidole, asije akamwamsha mzee.

"Lakini lazima tumwamkie, baba."

"Mwamkie polepole."

Mtoto aliinama juu ya mkeka. "Shikamoo, babu," alinong'ona.

Hamdan alikuwa amelala. Wote waliokuwepo wanashuhudia hivyo: mdomo wazi, mkono mmoja juu ya tumbo, pumzi ikipanda na kushuka kama injini ya zamani. Hakufumbua jicho, wala hakujigeuza.

"Marahaba," alisema, akaendelea kukoroma.